Jibu: Wafanyakazi wasio na hati na ujira wa wenyeji Marekani

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kuwaondoa wafanyakazi wasio na hati za uhamiaji huko Marekani kungepandisha mishahara ya wenyeji. Mfano wa karibu ni wa mwaka 1964, serikali ilipositisha mpango wa Bracero, uliokuwa ukiwaleta vibarua wa Meksiko mashambani kihalali tangu 1942. Wachumi waliochambua takwimu baadaye hawakuona ujira ukipanda zaidi katika majimbo yaliyowategemea vibarua hao kuliko katika majimbo mengine. Badala ya kupandisha ujira, wakulima wa nyanya wa California, kwa mfano, walinunua mashine za kuvunia na kupanda nyanya ngumu zisizopasuka upesi.

Kwa maoni yangu, kinachoshusha ujira ni woga kuliko wingi wa watu. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mfanyakazi asiye na hati, hata akiachishwa kazi kinyume cha sheria kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi, hastahili kulipwa mishahara aliyoikosa. Mwajiri anayelijua hilo, nao ni wengi, humpendelea kibarua asiyeweza kudai, na mwenyeji anayefanya kazi kando yake hulazimika kukubali malipo yaleyale.