Kona ya kahawa kwa wageni wa Idi

Dada yangu, umeuliza namna ya kuandaa mahali pa kahawa nyumbani kwa wageni wapatao 30 wa Idi bila wewe kushinda jikoni. Ningekushauri uiweke barazani, kwa sababu jiko la mkaa halifai kabisa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.

Kwa kahawa chungu, finjani ya mililita 60 inatosha, hivyo lita moja hutoa vikombe 16 hivi. Wageni 30 wakinywa viwili viwili, utahitaji takriban lita nne, ambazo ni afadhali uzipike kwa awamu kuliko kuziacha zichemke mchana kutwa hadi ziungue. Chemsha tangawizi iliyopondwa pamoja na maji, tia kahawa iliyosagwa, kisha ongeza iliki dakika za mwisho tu, maana ikichemka mno harufu yake hupotea. Epua, ngoja machicha yatuame, ndipo uimimine taratibu kwenye dele na kuiweka juu ya makaa yaliyofifia.

Sukari usiitie. Utamu utoke kwenye kashata, tende na halua, nawe uvipange karibu na sinia la finjani. Weka pia beseni la maji ya kusuuzia, na chupa ya chai ya maziwa kwa watoto na wasiokunywa kahawa. Kijana mmoja apewe kazi ya kumimina, akianza na wazee.