Mama wa chai wa Accra Road na mzee wa Magomeni

Mleta mada, umeuliza ni nani asiyekujua aliyewahi kukutendea wema ambao hujausahau. Tangu jana nasoma majibu ya wenzangu, nikawa najizuia kwa sababu changu ni kirefu. Leo nimeona nikiandike. Nina watu wawili, wote wa safari moja, na mmoja wao sikuwahi kulijua jina lake.

Ilikuwa Januari 1998. Wa umri wangu mnaikumbuka ile mvua ya El Niño. Nilikuwa na miaka 20, natoka Mwanza kwenda Dar kuanza chuo, na ndiyo mara yangu ya kwanza kusafiri mbali peke yangu. Siku hizi mtu anapanda basi Mwanza alfajiri, usiku yuko Dar. Wakati ule njia ya Singida hadi Dodoma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na msimu ule gari lilikuwa likizama hapo unalala siku mbili porini. Kwa hiyo mabasi mengi ya Mwanza–Dar yalizungukia Kenya: Musoma, Tarime, Sirari, unavuka mpaka, Kisii, Kericho, Nakuru, Nairobi, halafu unashuka Namanga, Arusha, Moshi, Segera, Chalinze, ndiyo Dar. Unatoka Tanzania, unapita nchi ya watu, ili ufike Tanzania. Ilibidi uwe na hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Baba aliniambia, hivyo vitu usiviweke kwenye begi, weka mfuko wa shati pamoja na tiketi, na ufunge kifungo. Namshukuru mpaka leo.

Siti ya pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa umri wa babu yangu, kanzu na baraghashia, anarudi Dar kutoka kumzika ndugu yake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na alikuwa amefunga, ingawa msafiri ana ruhusa ya kula. Jua lilipozama tukiwa tumeshaipita Nakuru, akafungua kimfuko cha tende. Kabla hajatia yake mdomoni akanihesabia tatu mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo babu, mimi Mkristo, sijafunga." Akasema, "Marahaba. Nimekuona hujala kitu tangu Kisii. Kula."

Nairobi tuliingia kama saa tatu usiku. Konda akatangaza dakika kumi na tano. Nikashuka kutafuta choo, kona ya kwanza, ya pili, kurudi nikatokea barabara nyingine kabisa. Nilipoipata ile niliyoshukia, basi halipo.

Ndani ya begi langu mlikuwa na vyeti vyangu vya kidato cha nne na cha sita, vyenyewe, si nakala, na hela ya ada ambayo mama aliishonea kwenye pindo la suruali. Mfukoni nilikuwa na shilingi 1,500 za Tanzania. Ofisi ya basi ilikuwa imefungwa. Mlinzi akasema jingine ni keshokutwa. Nikakaa kwenye ngazi za duka, Accra Road, nikaanza kulia. Nilikuwa mtu mzima, lakini nililia.

Pale kando palikuwa na mama anauza chai na mandazi kwa wasafiri wa usiku. Jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mfuniko wa bati, kreti mbili za soda ndizo viti. Chai yake ilikuwa shilingi tano za Kenya kikombe. Aliniangalia kwa muda, kisha akaita, "Wewe kijana, hapo si pa kukaa. Watakutoa hata viatu. Kuja hapa."

Nikaenda. Nilipofungua mdomo tu akanijua kwa Kiswahili changu. "Wa Tanzania? Basi imekuacha? Haya, wacha kulia, kunywa chai kwanza." Kikombe chake kilikuwa cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, na upande mmoja rangi ilikuwa imebanduka imeota kutu. Aliponikabidhi alikizungusha, ule upande mzima ukaja kwangu. Sijui kama alijua nimeona. Miaka yote hii, nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni mkono wake ukikizungusha kile kikombe.

Akanikalisha kati yake na ukuta, akanifunika miguu kwa gunia. Saa saba hivi wakapita askari wawili wa doria, wakanimulika tochi, wakataka kipande, yaani kitambulisho. Moyo ulinipaa. Mama hata hakuinuka, akaendelea kuchochea mkaa: "Huyo ni kijana wa dada yangu, ametoka ushago (kijijini) leo. Mtakunywa chai?" Wakanywa, wakaenda zao, na sikuona wakilipa. Hadi kunakucha aliniuliza mambo mawili tu: kama mama yangu yuko hai, na ninakwenda kusomea nini.

Asubuhi akanipeleka zinakopakia Pijo, zile gari ndogo za abiria za Peugeot, za kwenda Namanga. Nauli shilingi 300. Akafungua fundo la kitambaa kiunoni, akahesabu, zikafika 180. Akaniambia ningoje. Akarudi kwa jirani yake anayeuza njugu na sigara, nikawaona kwa mbali wakizungumza Kikuyu, yule baba akitikisa kichwa, mama akiendelea kusema. Akarudi na 120. Nikampa zile 1,500 zangu, akazikataa, akasema nitazihitaji upande wa kwetu. Akanifungia mandazi manne kwenye gazeti. Nikamuuliza jina ili nije nimlipe. "Jina ya nini? Panda, gari inajaa."

Namanga nilivuka bila shida, hati zote zilikuwa mfukoni. Arusha karani wa ofisi ya basi lile lile akaipokea tiketi yangu bila maneno, akanipa siti ya kesho yake. Dar nikafika siku mbili nyuma ya begi langu. Nikaenda ofisini kwao roho mkononi. Begi halikuwepo. Lakini karani alikuwa na kikaratasi, mwandiko wa kalamu ya wino, wa mtu aliyesoma zamani: *Kijana wa Mwanza mwenye begi la bluu. Begi lako ninalo mimi, lipo salama. Uliza Magomeni Mikumi,* kisha maelezo ya njia hadi mlangoni. Yule mzee hakutaka kuliacha pale. Alilibeba mwenyewe, na umri ule, pamoja na mzigo wake.

Nilifika kwake wanakaribia kufuturu. Akalitoa begi uvunguni. Zipu alikuwa ameifunga kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, ili mtu yeyote wa nyumbani asije akalifungua hata kwa bahati mbaya. Akawaita wanawe wawili wakae wawe mashahidi, akasema, "Hii ni amana. Fungua, kagua kimoja kimoja." Vyeti vilikuwemo. Pindo la suruali halijaguswa. Ndipo akaniambia sasa tule, tukala muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga. Yeye alikuwa babu yangu wa Dar mpaka alipofariki mwaka 2006. Sikukuu zote nilikula kwake, na mwanawe mkubwa ndiye aliyesimama kama kaka yangu nilipokwenda kutoa posa.

Lakini yule mama sikuwa na namna ya kumfikia. Tarehe 7 Agosti mwaka ule ule, Ijumaa, saa nne na nusu hivi asubuhi, nilikuwa Kinondoni vioo vikatetemeka. Lilikuwa bomu la ubalozi wa Marekani kule Laibon Road. Watu 11 walikufa hapa kwetu. Jioni redio ikasema Nairobi limelipuka saa ile ile, pale Moi Avenue na Haile Selassie, na kule ni balaa kubwa zaidi. Mwisho walihesabiwa 213. Accra Road si mbali na pale. Tuliona picha za watu waliotoka makazini mwao wakachimba kifusi kwa mikono, na foleni za waliokwenda kutoa damu kwa wasiowajua. Kwenye kila picha ya gazeti nilikuwa natafuta mwanamke mwenye kitambaa kiunoni. Sikuwa na jina la kuuliza hospitali yoyote.

Nilipata nauli ya kwenda Nairobi mwaka 2003, nilipokwisha kuajiriwa. Nilikwenda kwa ajili hiyo tu, na bahasha mfukoni. Ile kona niliipata, ngazi zile zile, ila pa jiko palikuwa na kijana anauza kaseti. Mwenye njugu alikuwepo bado, amezeeka. Nikaanza kujieleza, hata sijafika mbali akanikatiza: "Wewe ndio ule kijana wa Tanzania aliachwa na basi?"

Akaniambia mama yuko hai, bomu halikumgusa. Alirudi kwao Murang'a miaka miwili nyuma, miguu ilimshinda kusimama. Kijiji hakukijua. Akasema wiki ile niliyoondoka mama alikuwa anamuuliza kila dereva wa Pijo kama kijana wake alifika, hadi mmoja akamwambia alinishusha Namanga na akaniona navuka, ndipo akatulia.

Nikatoa 120 nimpe yeye basi, kwa kuwa zilikuwa zake. Akanirudishia mkononi.

"Hiyo alilipa. Alikuwa analeta ishirini kila jioni. Siku sita."