Kulala ufukweni: angalia mwezi kwanza ndo ufunge begi

Watu wakisikia tunaenda kulala baharini kwenye hema wanauliza mbu, wanauliza wezi, wanauliza choo kikoje. Hakuna anayeuliza maji yanajaa saa ngapi, na hilo ndo swali la kwanza kabisa, mi nililijua saa kumi alfajiri nikiwa na mtoto begani na maji yananifika magotini.

Ilikuwa Ushongo, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Tulitoka Dar asubuhi familia mbili, sisi na mdogo wangu na mume wake, tukapita Segera, Muheza, tukashuka mpaka Pangani mjini, tukavuka kwa kivuko kwenda Bweni, alafu ile barabara ya vumbi katikati ya minazi, na kwa sababu tulichelewa njiani tukafika giza limeshaingia. Mwezi ulikuwa mpevu na ufukwe ulikuwa mpana, mweupe, mchanga umebana vizuri chini ya miguu, tambarare kama sakafu. Tukasema hapa ndo penyewe. Tukapiga hema mbili pale pale chini, watoto wakacheza kwenye mbalamwezi mpaka wakachoka, tukala, tukalala tunasikia maji yako mbali kabisa huko.

Aliyeamka wa kwanza ni binti yangu, akasema mama godoro limelowa. Nikadhani ni mambo ya watoto, nikaweka mkono chini, baridi. Kufungua zipu ya hema wimbi likaingia. Hapo kila mtu alibeba alichoweza, watoto kwanza, mashuka baadaye, mdogo wangu akaokota sufuria zinaelea, simu mbili zikafa na unga wote ukawa uji wa chumvi. Hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, lakini nilikaa chini ya mvinje nimemkumbatia mtoto mpaka kunakucha na mikono inatetemeka.

Asubuhi akaja mzee mmoja mvuvi, tukamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba wanangu, akatutazama na magodoro yetu juani. Hakutusema. Alitushika mkono, mimi na shemeji yangu, akatupeleka mpaka juu karibu na miti, akainama akaokota mwani mkavu. Akasema, "Huu mstari hamkuuona?" Kweli ulikuwepo, mstari mrefu wa mwani na vijiti na vifuu vya nazi unaenda na ufukwe wote, na sisi tulikuwa tumelala hatua kama ishirini chini yake. "Bahari inaandika yenyewe inapofika," akasema. "Ukilala chini ya mwani umelala kwake."

Akatufundisha na mengine, nayaandika hapa kwa sababu ndo yaliyogeuza safari zetu zote za baada ya hapo. Maji yanajaa mara mbili na yanakupwa mara mbili kwa siku, karibu kila saa sita yanageuka, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama tu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, huku kwetu tofauti yanapojaa na yanapokupwa inafika mita 3 na zaidi, na kwa pwani hii siku za bamvua kujaa kunaangukia kwenye saa kumi, saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kukupwa kunakuwa saa nne. Sasa ona sisi, tumefika saa moja na nusu usiku maji yanarudi nyuma, tumeona ufukwe unazidi kupanuka tukafurahi, na mwezi mpevu tuliousifia usiku kucha ndo huo huo uliokuwa unatuletea maji alfajiri.

Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hapo bahari inatembea kidogo tu, haipandi juu sana wala haiendi mbali sana. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa anayetaka kulala ufukweni kwa mara ya kwanza, hasa mwenye watoto, ni huu: nenda mwezi ukiwa siku ya 7 au ya 8 tangu uandame. Maji yanajaa kwenye saa nne usiku, wakati mko macho bado mnayaona yameishia wapi, na saa kumi alfajiri mkiwa usingizini yako chini. Na kuna raha nyingine ndani yake, mwezi wa siku hizo unazama kwenye saa sita usiku, yaani unapata mbalamwezi ya kulia chakula na kuchezea, alafu ukizama unapata giza la nyota. Usiku mmoja umekula mara mbili.

Na giza la nyota nisilipite hivi hivi. Sisi tuliozaliwa mjini tunaona nyota kumi na tano tukijitahidi. Ushongo mwezi wa tisa nimelala chali kwenye mkeka, kichwa nje ya hema, nikaona Kilimia kinapanda kutoka baharini, kile kifungu kidogo cha nyota zilizojikusanya, nikamkumbuka bibi alivyokuwa akisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikuwa naisikia kama methali tu miaka yote, kumbe ni kitu kiko juu unaweza kumwonyesha mtoto kwa kidole. Chini yake, mbali kwenye upeo, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga utasema kuna mji kule. Hao wanatoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwepo taa haivuti dagaa. Na ukishuka kwenye maji ya kifundo ukavuruga kwa mguu usiku kama huo, wakati mwingine maji yanawaka, cheche ndogo za kijani zinatawanyika kwenye vidole vyako na kuzimika. Mwanangu alikaa pale akivuruga nusu saa nzima, hataki kulala, na mi sikumlazimisha.

Lakini kuogelea usiku hapana, kwetu hiyo ni amri. Kukanyaga maji ya kifundo mkono kwa mkono na mtu mzima, basi. Na mguu uwe unauburuza kwenye mchanga badala ya kuunyanyua na kukanyaga, kwa sababu yule samaki bapa anayeitwa taa anapenda kujizika kwenye maji mafupi na mwiba wake si wa mchezo, ukiburuza mguu anasikia anaondoka.

Hema. Zile chuma za kuchomekea zinazokuja na hema hazishiki mchanga, upepo wa kusi ukivuma zinang'oka zote. Chukua viroba vitupu vinne au sita, jaza mchanga, funga kamba ya hema kwenye shingo ya kiroba, chimba shimo la kina cha mkono uzike. Haling'oki. Mlango uelekeze upande upepo unakokwenda, sio unakotoka, la sivyo utaamka na mchanga kwenye meno. Upepo wenyewe una zamu zake, mchana na jioni unatoka baharini, usiku wa manane unatulia, alfajiri unageuka unatoka bara na baridi yake, wavuvi wanauita umande na ndo unaowasukuma ngalawa kutoka. Kwa hiyo hata kama mchana ulikuwa unatokwa jasho, beba shuka zito au kanga mbili tatu za kujifunika. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi ni kali, inapendeza kwa ubaridi ila hema linapigwa kelele usiku kucha. Masika msiende. Mi napenda mwezi wa tisa na wa kumi, bahari imetulia na joto la kaskazi halijaja.

Msilale chini ya mnazi. Kivuli kizuri, picha inatoka nzuri, lakini nazi haipigi hodi, na usiku upepo ukigeuka ndo zinaanguka. Mvinje ni rafiki, una kivuli chepesi na majani yake yanavuma vizuri. Nenda juu ya mstari wa mwani, nenda tena hatua kumi na tano zaidi, alafu ndo ufungue begi.

Kabla ya yote hayo ingieni kijijini. Ufukwe unaonekana mtupu lakini una wenyewe, wengine mashua zao zinalala pale, wengine ni shamba lao la minazi. Sehemu zingine kuna viwanja vya kupigia hema unalipia kwa mtu mmoja usiku mmoja, unapata choo na maji baridi ya kuoga na mlinzi, kwa familia yenye watoto mi nachagua hapo siku zote. Kama hakuna, tafuta mwenyekiti wa kitongoji, msalimie, mwambie mmetoka wapi na mnataka kulala siku ngapi. Dakika kumi tu hizo, na baada yake kijiji kizima kinajua kuna wageni, hata kijana wa kuwaangalia vitu mnaletewa.

Chakula usibebe kingi kutoka mjini, beba mchele, chumvi, ndimu, pilipili na sukari ya kutosha. Samaki subiri ngalawa zikirudi, utapata changu wa asubuhi hiyo hiyo macho bado yanang'aa. Mpasue, mpake chumvi na ndimu, mwache kidogo, alafu moto wa makumbi ya nazi. Makumbi hayana haraka, yanashika polepole na moshi wake unafukuza mbu wa jioni, kwa hiyo jiko moja linafanya kazi mbili. Muhogo unaufukia kwenye majivu pembeni. Usikate mti wowote kwa ajili ya kuni, mikoko hasa, kata mikoko na hao samaki unaowasubiri unawakata.

Kitu kimoja zaidi cha Ushongo. Mbele yake kwenye maji kuna Maziwe, kisiwa ambacho ni hifadhi tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje, sasa ni fungu la mchanga mtupu na maji yakijaa linafunikwa lote. Kasa hawajui hayo, wanaendelea kupanda kutaga pale pale, na mayai yakiachwa yanazama, kwa hiyo watu wa uhifadhi wanayahamisha kwa mikono yao mpaka ufukweni bara na kuyafukia upya, yanakaa karibu siku 60 mpaka yaanguliwe. Tulibahatika kuwakuta siku ya kuanguliwa. Kitoto cha kasa kinaingia kwenye kiganja, kinatoka mchangani kimejaa mchanga machoni na moja kwa moja kinatafuta maji, kikiteleza kwenye unyayo wa mtu kinahangaika kupanda kama ni mlima. Kinafuata mwanga wa bahari, na ndo maana nawaomba sana, jamani, ukilala kwenye ufukwe wa kasa zima tochi, zima taa za gari, moto uwe mdogo na uwe nyuma kwenye miti. Tochi moja tu inatosha kukipeleka upande wa nchi kavu, na huko kunguru na kaa wanakisubiri. Na mifuko ya plastiki ibebeni mrudi nayo yote, kasa anaila akidhani ni chakula.

Ile asubuhi ya pili, tuliporudi Ushongo safari ya maji mafu, niliamka kwa adhana ya kijijini. Kulikuwa na baridi, bahari iko chini kabisa haina sauti, mchanga umechorwa na nyayo za kaa tu. Nikachochea makumbi, nikateleka chai ya tangawizi. Mzee wetu akapita anaenda kwenye ngalawa yake na tanga begani, akasimama, akaangalia hema, akaangalia mstari wa mwani, akapima kwa macho. "Hapo sawa," akasema. Nikampa kikombe akanywa amesimama, akaturudishia, akashuka zake majini, na jua ndo lilikuwa linaanza kutoa kichwa upande wa Maziwe.