Mbwa wa ulinzi, kidonda na mkojo usiozuilika: swala zangu zinasihi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni bibi wa miaka 74, nakaa peke yangu shambani huku Muheza. Nina kisukari, kidonda mguuni, magoti hayakunjiki na mkojo unanichuruzika. Wezi walipochukua mbuzi wangu wawili, mwanangu aliniletea mbwa wa kulinda waliobaki. Ananifuata kila niendako, ananilamba kanga, hata mguu. Kuosha mara saba kutwa nzima siwezi. Nimfukuze? Na swala zangu je?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, bibi yetu. Mwenyezi Mungu akupe shifaa.

Mbwa usimfukuze. Mtume (s.a.w.) amesema anayefuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwindia; hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wewe una mbuzi na una shamba, umo ndani ya ruhusa hiyo waziwazi. Ila ruhusa ni ya kazi, na kazi yake iko uani na zizini. Chumba unachoswalia asikanyage.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, mbwa mzima ni najisi nzito: mate, manyoya, hata unyayo. Lakini najisi haihami pasipo majimaji. Akikupitia naye mkavu, nawe mkavu, hakuna cha kuosha, na udhu wako uko palepale. Ukiamka ukawa na shaka kama alilala kwenye mkeka, mkeka ni twahara; yakini haiondolewi na shaka. Wengi wanaochoka na mbwa wanaosha visivyohitaji kuoshwa.

Kinachooshwa ni mahali palipolowa tu, mara saba, moja kati yake kwa udongo. Akikulamba pindo la kanga, shika pindo hilo, acha kanga yote. Weka kopo la udongo mkavu uliochekechwa, wa mahali safi. Mchanga wa pwani usio na vumbi haufai. Mimina maji kwanza mpaka utelezi wa mate utoke. Hata ukimimina mara tatu, yote hayo ni mara moja. Kisha koroga gao la udongo kwenye kikombe cha maji mpaka yawe ya tope, pitisha hapo, ni mara ya pili. Malizia na maji matupu mara tano. Kosa linaloharibu kazi yote ni kulichovya pindo ndani ya ndoo: maji ya lita 20 ni machache, yananajisika yote na nguo haitakasiki. Maji ndiyo yaifuate nguo. Kibaraza cha saruji kikikanyagwa na nyayo mbichi kinaoshwa vivyo hivyo. Ua wa udongo hauhitaji kuongezewa udongo, ni maji mara saba tu. Na kanga ya kuswalia iwe moja, itundikwe ndani, usitoke nayo.

Kidonda ni jambo jingine, na hapa nasisitiza. Udongo usitie kwenye kidonda, hasa cha mwenye kisukari. Mbwa akikilamba, osha kwa maji ya kumiminika na sabuni, mara saba, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo, kwa kuwa mate ya mbwa yanaweza kukupa maradhi mazito, kichaa cha mbwa kikiwemo. Wako wanavyuoni walioruhusu sabuni ishike nafasi ya udongo, na mahali pa kuichukua kauli yao ndipo hapa. Akilamba juu ya bendeji na mate yasipenye, badili bendeji. Daktari akikukataza maji mguuni, tawadha viungo vizima na utayamamu kwa ajili ya kile kilichozuiwa.

Siku umelambwa, maji hakuna wala wa kukuchotea, na wakati unatoka? Imam Malik anamhesabu mbwa kuwa twahara. Mwenye dhiki akimfuata katika hilo halaumiwi. Ila usiufanye mlango wa kila siku wakati kopo na maji vipo.

Mkojo: subiri wakati uingie kwanza. Jisafishe, weka kitambaa kipya au pedi, funga vizuri, tawadha papo hapo, uswali. Kitakachotoka baada ya hapo hakikudhuru. Kungoja swala ya jamaa au kujisitiri kunaruhusiwa. Kuondoka ukageuze chungu jikoni kunakurudisha mwanzo. Udhu mmoja ni faradhi moja, na sunna kadiri upendavyo. Lakini ukijua kuna muda unakauka kiasi cha udhu na swala kabla wakati haujatoka, ungoje muda huo.

Kwa magoti, Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Huswayn, aliyekuwa na bawasiri, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Basi simama kiasi uwezacho, ndipo ukae kitini. Sijda uiname zaidi kuliko rukuu.

Mbwa mfunge kamba kabla hujaanza kutawadha, si kwa najisi tu: anayejipitisha miguuni mwa mtu mzima humwangusha, na nyonga ikivunjika umri huo ni kazi kupona. Mlishe saa zilezile, palepale zizini, na sahani yake isiingie jikoni. Ataacha kukuganda mlangoni. Mwambie mwanao ampeleke kuchanjwa kila mwaka. Na usimpunguzie maji kwa kumchukia, kwani yuko mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na hadithi hiyo nayo ni ya Bukhari na Muslim.

Swala ulizokwisha kuziswali kwa kudhani tu kwamba huenda ulilambwa, usizirudie. Wallahu aalam.