Zawadi ya kulipia umeiona wapi?

Swali: Katika Warumi 6:23 nasoma "karama ya Mungu", Waefeso 2:8 nakuta "kipawa cha Mungu", na mhubiri wetu kila Jumapili anasema "zawadi ya bure ya Mungu". Lipi sahihi? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Mawili ya kwanza hayana ugomvi. Karama tumeipata kwa Waarabu, kama neema na zawadi. Kipawa ni chetu wenyewe, mtoto wa kitenzi kupa, yaani kitu ulichopawa. Siku hizi ukitaja kipawa watu wanawaza uimbaji na kandanda, ndiyo maana mhubiri anakimbilia zawadi. Hapo simlaumu.

Kinachonikera ni hilo "ya bure". Ni sawa na kusema maiti aliyekufa.

Mtazame Paulo mwenyewe: "Mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele." Neno lake la Kigiriki kwa mshahara, opsonia, lilitumika kwa posho ya askari: jasho lako, haki yako, unaidai. Ng'ambo ya pili ya "bali" akaweka karama, basi, akanyamaza. Hakuwa na haja ya kuongeza "ya bure", kwa kuwa mshahara umekwisha kuifanya kazi hiyo. Ukiichomeka hapo unamfundisha Paulo kuandika barua.

Alipolihitaji "bure" aliliegemeza kwenye kitenzi: "wanahesabiwa haki bure" (Warumi 3:24). Na ni neno la kushika kwa uangalifu, maana lina sura mbili. Wagalatia 2:21: haki ikipatikana kwa njia ya sheria, "basi Kristo alikufa bure". Kigiriki kina neno lilelile mahali pote pawili, dorean, na Kiswahili kikafuata bila kujikwaa. Wewe jaribu kumwita jirani "mtu bure" uone kama atakushukuru.

Ugonjwa wenyewe haukuanzia mimbarani, umetoka dukani. "Nunua sabuni mbili upate zawadi ya bure": kijiko cha plastiki kimebandikwa kwa gundi ubavuni. Kile si zawadi, wala si cha bure. Bei yake imo ndani ya sabuni. Mama wa sokoni anayekutupia nyanya moja juu ya fungu huiita nyongeza, na hajamdanganya mtu.

Tena kwa Paulo zawadi haikuwa kitu cha kupokea ukajiondokea. Wafilipi walimtumia vitu kwa mkono wa Epafrodito, naye akajibu kwamba hakitamani kile kipawa, bali mazao yanayozidi katika hesabu yao. Anatoa shukrani kwa lugha ya daftari la mfanyabiashara! Aliyepewa na aliyetoa wamekwisha kufungamana, ndipo "ya bure" inapokuja kuwaachanisha.

Kwa hiyo sema "Mungu ametupa bure", au sema "zawadi ya Mungu". Mhubiri wako akishikilia vyote viwili kwa pamoja, mwache, waumini wamemwelewa. Mwenye sabuni ndiye simwachii.