Rangi Nzito Inayong'aa Juu ya Ubao wa Mawimbi: Maswali Yenu

Mtu akisikia kuna vijana Arusha na Moshi wanaotengeneza mbao za kupanda mawimbi, swali lake la kwanza huwa ni bahari iko wapi. Bahari iko Tanga, lakini miti iko huku: paini na saipresi za West Kilimanjaro, migrivelia iliyokuwa ikitoa kivuli kwenye mashamba ya kahawa. Maswali niliyoyachagua leo yanahusu hatua ya mwisho ya kazi hiyo, yaani rangi inayofunika mbao kabisa na kung'aa.

*Shikamoo fundi. Ubao wangu ni wa saipresi, nimeshaufunika kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ngumu). Nataka upande wa chini uwe mwekundu, mbao isionekane kabisa. Nichanganye rangi ndani ya epoksi au nipake juu yake? (Njiro, Arusha)*

Marahaba, mwanangu. Njia zote mbili zipo. Ukichanganya ndani, tafuta rangi nzito ya uji iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi. Ya ukutani hapana, na ya mafuta hapana. Iweke kwenye rezini, ile sehemu kuu ya epoksi, koroga mpaka isiwe na michirizi, ndipo uweke hadina, yaani kemikali ya kuigandisha. Usizidishe takribani asilimia 5 ya uzito, maana hadina imepimwa kwa ajili ya rezini. Ukijaza vitu vingine kupita kiasi, epoksi inakauka ikiwa dhaifu. Halafu changanya mara moja kiasi kitakachotosha upande mzima. Kopo la pili halilingani kamwe na la kwanza.

Mimi ningepaka juu. Epoksi ni nzito, na kila tabaka unaloongeza utalibeba majini. Rangi ya gari yenye hadina, ukiipaka nyembamba mara mbili au tatu, inafunika kwa uzito mdogo zaidi. Ila kabla ya msasa, osha ubao kwa maji safi na sponji ngumu, kwa sababu epoksi ikikauka mara nyingi huacha utando wa kuteleza kama nta. Ukianza na msasa unausambaza tu, na rangi itakuja kubanduka. Ukishaosha na kukausha, piga msasa namba 120, kisha 220, kisha 320. Paka praima ya epoksi, yaani tabaka la chini la kushika rangi, piga tena 320.

Sasa sikiliza hili kuhusu nyekundu. Nyekundu na njano zina ufunikaji hafifu. Ukizipaka juu ya kitu cheusi au cha kahawia utarudia mpaka uchoke. Nyeupe inafunika vizuri kwa sababu ya titani dioksidi iliyomo. Kwa hiyo tandika nyeupe kwanza, nyekundu ije juu. Na chukua taa, uimulike ubao kwa ubavu kabla ya kupaka chochote. Watu hudhani rangi nzito huficha makosa. Inaficha madoa ya mbao, lakini mkwaruzo na bonde dogo vinajitokeza zaidi pale panapong'aa. Mng'aro wote unatengenezwa kwenye msasa.

*Nilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya epoksi. Wiki imepita, bado inanata kidoleni. Niongeze tina? (Soweto, Moshi)*

Hapana, kaka. Tina haitasaidia. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na mabaki ya hadina kwenye epoksi ambayo bado ni changa huizuia isikauke. Unaweza kungoja na isikauke. Ikwangue, futa kwa kitambaa chenye tina, acha epoksi ikomae wiki kadhaa, ioshe, ipige msasa, halafu tumia rangi ya vipande viwili, yaani rangi na hadina yake.

*Kila nikipaka epoksi kwenye mbao tupu napata vipovu vidogo, na baada ya rangi vinakuwa matundu. Kosa ni la epoksi? (Tengeru)*

Kosa ni la saa, dada. Mbao imejaa hewa. Ukipaka asubuhi, jua linapanda, mbao inapata joto, hewa iliyomo inatanuka na kutoka kupitia epoksi yako mbichi. Paka alasiri, wakati mbao inaanza kupoa. Hapo inavuta ndani badala ya kupuliza nje. Anza na tabaka jembamba sana la kuziba, ngoja lishike, ndipo uweke la pili.

Miezi ya Juni hadi Agosti Arusha ina shida yake: usiku baridi huchelewesha epoksi kukauka, na utando ule niliousema hapo juu huzidi. Fanyia ndani, mbali na baridi ya usiku.

*Fundi, ubao wangu una uwazi ndani. Nimeupenda uwe mweusi tii, unaong'aa. Rafiki yangu ananikataza, anasema utapasuka njiani kwenda Tanga. Ni kweli? (Moshi mjini)*

Rafiki yako ana hoja, na mimi naiunga mkono kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni joto. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida la chumba huanza kulegea takribani nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kitu cheusi kikilazwa juani huku kwetu kinaweza kufika hapo na kupita. Mistari ya gundi inajitokeza, nyuzi za faiba zinaonekana kupitia rangi, na hewa iliyomo ndani inatanuka na kusukuma mishono. Nyeupe, maziwa, njano au samawati hafifu huo mzigo hazina.

Ya pili ni mwinuko, na hili watengenezaji wa pwani hawana haja ya kulifikiria. Chukua ubao uliofungwa kabisa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa humo ni nyepesi kuliko ya Tanga. Ukiteremka nao, hewa ya pwani inaubana kutoka nje kwa nguvu inayofikia kama tani moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Plaiwudi nyembamba inabonyea, na rangi ngumu inayong'aa inapata nyufa za nywele. Kutoka Moshi mteremko ni mfupi zaidi, ila shida ni ileile. Ukiurudisha juu baada ya kuufungua pwani, unavimba.

Tom Blake, Mmarekani aliyepata hataza ya ubao wenye uwazi ndani mwaka 1932, alitoboa mashimo ubao wake wa mwanzo ili kuupunguzia uzito kabla ya kufikia ule wenye uwazi. Wewe unahitaji tundu moja tu, dogo, lenye skrubu na mpira wa kuzuia maji. Lifungue safarini, lifunge unapoingia majini. Na kama moyo wako umekufa kwa nyeusi, paka nyeusi ukingoni tu, kisha ufunike ubao kwa shuka jeupe unapousafirisha.

*Mwanangu wa sekondari anataka kupuliza rangi ya gari uani kwetu. Barakoa ya kitambaa inatosha? (Mzazi, Sakina)*

Haitoshi, mzee mwenzangu, na nakuomba umzuie. Hadina ya rangi nyingi za aina hii ina kemikali ziitwazo isosianeti. Mvuke na ukungu wake unaweza kumpa mtu pumu, na akishapata, harufu kidogo tu inamrudishia. Kitambaa hakizuii chochote. Wanaopuliza inavyopaswa huvuta hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Mpeleke kwenye gereji yenye chumba cha kupulizia, awalipe, yeye afanye msasa nyumbani akiwa na barakoa ya vumbi, maana vumbi la faiba nalo si la kuvuta.

*Nitapataje mstari safi kati ya rangi na mbao inayoonekana? (Usa River)*

Bandika tepu, ukandamize ukingo wake kwa ukucha, kisha pitisha klia kidogo, yaani rangi angavu isiyofunika, kwenye ukingo huo kabla ya rangi. Kitakachopenya chini ya tepu kitakuwa klia, hakionekani. Bandua tepu rangi ikiwa bado laini.

*Natumia ubao wangu kupiga kasia Ziwa Duluti. Rangi gani? (Arusha)*

Chungwa. Ukianguka, walio ukingoni wakuone.

*Nimemaliza rangi, nimepaka klia. Nang'arishaje, na je, ning'arishe pote? (Machame)*

Klia ikishakomaa, piga msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 na 2000, kisha kampaundi ya kung'arishia kwa kitambaa laini. Hakikisha klia yako ni ile ya kustahimili jua, kwa sababu epoksi tupu hugeuka manjano ikiachwa juani. Fanya hivyo chini na kingoni. Juu, pale miguu inaposimama, ishia namba 320 na upake nta ya ubao, ile ya kushika miguu. Pakiteleza, utaanguka kabla wimbi halijafika.