Si kila damu ya tumboni inatokana na vidonda: jibu kwa ndugu wa Sengerema

Ndugu yetu wa Sengerema ameeleza kwamba kwa miezi mitano tumbo linamuunguza, kwamba amenunua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, duka la dawa mara tatu bila kupimwa, na kwamba tangu juzi anapata choo cheusi kinachonata. Anauliza kama aongeze dozi au aanze kunywa maji ya kabichi.

Nianze na choo, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali isiyo ya kawaida, mara nyingi ni damu iliyovuja sehemu ya juu, yaani kwenye umio (mrija wa chakula kutoka kooni), tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba, ikabadilika rangi ikiwa njiani. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini kama hukuwa unavimeza, usijifariji navyo. Nenda hospitali leo, wala usisubiri Jumatatu, na ukianza kusikia kizunguzungu usiende peke yako.

Sasa nieleze kwa nini nakusihi uende hospitali badala ya kurudi dukani. Mimi nimezaliwa Ukerewe, na utotoni tulioga, tukafua na kuteka maji ziwani. Mwaka 2016, nikiwa tayari naishi Mwanza mjini, nilianza kuhisi uzito chini ya mbavu za kushoto na kushiba kabla sijafika nusu ya sahani. Katika zahanati moja nilitolewa damu kidoleni, nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za wiki mbili. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kipimo kile cha damu huonyesha kingamwili tu, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, na kingamwili hubaki mwilini hata baada ya bakteria kuondoka, kwa hiyo hakiwezi kutofautisha ugonjwa wa leo na wa zamani. Dawa zilipokwisha na uzito ukabaki, nilijinunulia omeprazoli kwa karibu miaka miwili.

Usiku mmoja wa mwaka 2018 nilitapika damu, na haikuwa kidogo. Nilikimbizwa hospitali kubwa, nikaongezewa damu, kisha nikapitishiwa mpira wenye kamera kooni. Hakikuonekana kidonda hata kimoja. Ilionekana mishipa ya damu iliyovimba sehemu ya chini ya umio, na mmoja ulikuwa umepasuka. Wakaifunga kwa vipira vidogo palepale. Kesho yake ultrasaundi ilionyesha bandama, au wengu kama wengine wasemavyo, limekuwa kubwa mno, na ndani ya ini kuna makovu kandokando ya mishipa. Hapo daktari akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Umekulia wapi?"

Kilichotokea ni hiki. Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye bandama hairudi moyoni moja kwa moja, bali hupitia kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, ili ini lipokee chakula kilichosagwa na kuchuja sumu. Minyoo ya kichocho cha tumbo, ambayo huingia kwa kupenya ngozi mtu anapokuwa majini penye konokono wanaoibeba, huishi ndani ya mishipa ya utumbo na kutaga mayai kila siku kwa miaka. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na mwili unajenga kovu kuyazunguka. Makovu yakiwa mengi njia inaziba, bandama linavimba, na damu inatafuta vichochoro, kikiwemo kile cha mishipa myembamba ya umio ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Jirani yangu alikataa kabisa kwamba nina tatizo la ini kwa kuwa macho yangu hayakuwa ya njano. Lakini katika kichocho chembe zenyewe za ini huweza kuendelea na kazi vizuri, na hata vipimo vyangu vya damu vya ini vilitoka salama. Ini lililosinyaa kwa pombe au homa ya ini aina ya B huleta mishipa hiyohiyo, ila huko chembe zenyewe hufa. Kwa hiyo omba upimwe pia homa ya ini B. Chanjo yake iliingizwa kwenye ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002, nasi wakubwa wengi hatukuipata.

Sisemi kwamba vidonda ni hadithi. Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria H. pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi, na chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo wavuvi na madereva wa bodaboda wengi humeza kwa ajili ya mgongo. Ukiulizwa, usizifiche. Kama bakteria atatafutwa kwenye choo, mweleze mpimaji kwamba umekuwa ukitumia omeprazoli, kwani inatakiwa isimamishwe wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kukudanganya kwamba huna. Wewe hata hivyo unavuja damu, kwa hiyo kuacha au kuendelea mwachie daktari. Dawa hiyo hupunguza asidi, na ndiyo maana huleta nafuu hata pale ambapo chanzo cha ugonjwa hakijaguswa.

Maji ya kabichi hayazibi mshipa unaovuja. Mimi nilimeza prazikwanteli kuua minyoo, makovu yakabaki, na hadi leo natumia propranololi kushusha msukumo kwenye mishipa ile na kurudi kwenye kamera kila mwaka. Mara ya mwisho hapakuwa na mshipa wa kufunga. Ukifika hospitali, mwambie daktari kuhusu choo, dawa ulizonunua, na ziwa ulilokulia, hata asipouliza.